Gari Lililokataa Kukumbuka

Idalina Toste hajawahi kuchelewa mahali tangu nimjue, na nimemjua tangu tukisoma darasa moja hapa Gustine, mji wetu mdogo wa ng'ombe wa maziwa, yeye akinuka maziwa na mimi nikinuka grisi. Sasa ana miaka hamsini na minane. Miaka ishirini na miwili aliosha mapipa ya chuma katika kiwanda cha jibini, mikono ikawa myekundu mpaka viwikoni. Siku kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na buti zake za mpira mkononi, akazisugua, akazianika, kesho yake akaanza kutafuta kazi nyingine. Mumewe Urbano alikuwa ameshafariki, kwa hiyo hakukuwa na wa kumlilia.

Kazi aliyoipata lazima niieleze, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini nilimvunjia heshima mwanamke mwema mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Kuna shirika kule Los Banos linalowalipa watu wenye magari yao wawapeleke wagonjwa wa figo kliniki kusafishwa damu. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Idalina hutoka na Toyota Camry yake ya mwaka 2003 kuwapitia wazee watatu. Anajua nani anapenda kusemeshwa na nani anataka aachwe asinzie. Wakati wa kurudi kuna mmoja husikia baridi hata mwezi wa saba, basi blanketi la sufu halitoki kiti cha nyuma. Na huwagombeza. Mwenye figo mbovu hatakiwi kula ndizi, lakini kuna mzee mmoja haachi. "Umekula tena wewe! Nimeona ganda mfukoni!" Mzee wa watu hucheka mpaka anakohoa.

Siku moja aliniambia hivi: "Norberto, miaka ishirini na miwili nimeosha mapipa, na hakuna pipa hata moja lililowahi kunisalimia."

Shirika lina sharti moja lisilo na mjadala: karatasi za gari ziwe hai. Za Idalina zilikuwa zinakwisha Ijumaa, tarehe thelathini na moja Januari. Bila cheti cha moshi, kuonyesha kwamba gari halichafui hewa, hupewi karatasi mpya. Na bila karatasi mpya mezani kwao kabla ya saa kumi na moja jioni ya siku hiyo, wale wazee watatu wangepewa dereva mwingine kuanzia Jumatatu. Anayepima moshi hapa mtaani kwetu ni mimi.

Balaa lilianza na betri. Jumapili ya tarehe kumi na tisa, kwenye ule ukungu wetu wa Januari unaokuficha hata vidole vya miguu, gari liligoma kuwaka. Betri ilikuwa imekufa kifo chake cha kawaida. Idalina hakumwita mtu. Alinunua mpya, akaifunga mwenyewe uani, Jumanne saa mbili asubuhi akawa mlangoni kwangu. Nikachomeka mashine yangu chini ya usukani.

"Haiko tayari," nikamwambia.

"Haiko tayari nini? Nimeiosha jana."

"Si uchafu, Ida. Kompyuta ya gari hujikagua yenyewe, sehemu nane, na majibu inayatunza kichwani. Umetoa betri, umeifuta kichwa. Saa hizi haikumbuki kitu. Serikali haitaki nipime gari isiyojijua."

"Sasa nifanye nini, niisomeshe?"

"Uiendeshe. Lakini si hivyo unavyoendesha wewe."

Nikamwandikia nyuma ya risiti. Tangi liwe nusu, lisijae wala lisikauke. Gari lilale usiku kucha lipoe kabisa. Asubuhi uliwashe, uliache lingurume dakika mbili, bila taa, bila kipasha joto, bila redio. Halafu barabara kuu, maili hamsini na tano kwa saa, mguu usitingishike, dakika kumi na tano. Kisha uachie mafuta bila kugusa breki mpaka lipungue lenyewe. Kisha mjini, simama na uondoke, simama na uondoke. Urudie siku tatu nne.

Alisoma huku akisogeza midomo. "Mama yangu alikuwa anatoa maelekezo hivi hivi ya kuumua mkate wa Pasaka," akasema. "Nao ulikuwa hauumuki."

Jumamosi akarudi. Nikachomeka mashine. Sufuri. Sehemu nane zote tupu.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, sikatai. Nikamwuliza kama mguu wake ulitulia. Akasema ulitulia, malori ya ng'ombe yalimpigia honi mpaka Santa Nella na hakuongeza hata maili moja. Nikamwuliza kama aliacha taa zikiwaka wakati wa zile dakika mbili. Akasema aliwasha mshumaa wa Mama Maria jikoni, je, nao unahesabiwa? Nikamwambia arudie, na safari hii awe makini. Neno "makini" lilimkaa vibaya, nililiona usoni mwake. Idalina kuambiwa awe makini!

Jumanne ya tarehe ishirini na nane, saa mbili kamili, huyo. Zimebaki siku tatu. Sufuri tena. Ndipo nikafungua ukurasa mwingine wa mashine ambao huwa siufungui, ule unaosema gari limetembea umbali gani tangu kumbukumbu ifutwe. Ukasema: maili tatu.

Kutoka nyumbani kwa Idalina mpaka kwangu ni maili tatu.

Hapo damu ikanipanda. Katika kazi yangu kuna ujanja mmoja ninaouchukia kuliko wote. Mtu taa ya injini inamwakia, anamtafuta binamu mwenye kifaa, anafuta kumbukumbu asubuhi ya kupima, kisha anakuja na uso wa malaika. Nimewafukuza wengi. Nikamgeuzia Idalina kioo cha mashine.

"Nani anakufutia?"

"Ananifutia nini?"

"Ida, tusichezeane. Kumbukumbu imefutwa leo asubuhi. Mashine haina jamaa wala rafiki. Gari yako ina ugonjwa unauficha, sema nikusaidie. Ukinidanganya siwezi kukusaidia."

Kwenye gereji kulikuwa na wateja wawili na wote walikuwa wanatazama matairi kama vile hawajawahi kuona tairi.

"Norberto Simas," akasema polepole, "mimi jana nimeendesha maili themanini na wagonjwa ndani. Nimeamka gizani wiki nzima kufuata karatasi yako. Na wewe unaniita mwongo mbele za watu?"

"Sijasema mwongo. Mashine..."

"Mashine haina mdomo. Umesema wewe." Akachukua funguo zake. "Nitarudi Ijumaa. Usipotaka kunipima, uniambie mwenyewe, usimtume mtu."

Mchana nikamsimulia mke wangu Hermínia, nikitaraji aniunge mkono. Aliendelea kumenya viazi. "Idalina alipokuwa kiwandani," akasema, "siku moja walimzidishia nusu saa kwenye mshahara, akairudisha. Nusu saa. Wewe endelea na mashine yako."

Supu ya kabichi ikanishinda. Mdomo uliponza kichwa, na nilianza kuona ni kichwa cha nani. Nikaamua kesho yake niende mwenyewe kabla hajaondoka, nikae kando yake, nione anavyoliwasha.

Idalina anaishi na baba yake, Mzee Gualter, katika nyumba iliyobaki baada ya shamba la ng'ombe kuuzwa. Mzee ana miaka themanini na sita. Ng'ombe waliondoka zamani, lakini bado anaamka saa tisa usiku kwenda kukamua, halafu anakumbuka, anakaa jikoni na kahawa. Leseni ya kuendesha aliirudisha mwenyewe miaka mitatu iliyopita, baada ya kuingia na gari kwenye mtaro wa kumwagilia. Tangu hapo kazi zake ni kufunga lango, kulisha kuku wanne na kulalamikia bei ya maziwa ambayo haimhusu tena.

Jumatano nilifika saa kumi na moja na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa mzito, nikaegesha nje ya lango nikaingia kwa miguu. Boneti ya Camry ilikuwa wazi. Chini yake kulikuwa na tochi, na nyuma ya tochi Mzee Gualter, kofia ya sufu na buti za shambani, ana spana namba kumi mkononi. Alikuwa anaurudisha waya wa betri mahali pake. Aliufuta kwanza kwa kitambaa, akaukaza, akaujaribu kwa kidole gumba kama ulitulia.

Nikasimama pale kama mjinga. Maana nilielewa papo hapo, na nilipaswa kuelewa wiki nzima kabla.

Sisi tuliolelewa kwenye ng'ombe sote tunaijua kanuni hiyo. Trekta hailali na waya wake. Jioni ukimaliza kazi unafungua waya wa betri, unauweka pembeni, asubuhi unaurudisha. Panya wa kwenye nyasi kavu wanapenda kutafuna nyaya, na waya uliotafunwa ukiwa na moto ndani unachoma ghala. Kwa kina Gualter ghala liliungua mwaka sabini na nane, na ndama kumi na moja ndani yake. Baba yangu alifungua waya maisha yake yote. Mimi mwenyewe, mpimaji mkubwa, nimeufungua mara elfu nikiwa na kaptula. Na haikunijia akilini hata kidogo!

"Shikamoo, Mzee Gualter," nikasema.

Hakushtuka. "Marahaba. Mtoto wa Laurénio! Umekuja kutuibia kuku?"

"Mzee, huo waya unaufungua tangu lini?"

"Tangu amenunua betri mpya. Ile ya zamani nilimwachia mwenyewe, umeona ilivyokufa? Betri mpya ghali, mwanangu ana kazi ya kubeba wagonjwa, niiache inyonywe usiku kucha?" Akafunga boneti kwa viganja viwili, taratibu. "Jioni nafunga lango, nafungua waya. Asubuhi naurudisha kabla hajatoka. Yeye ana mambo mengi. Hii ya kwangu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, ila hawakusema ufanye nini kikiwa kinakula kwa mapenzi.

Saa ya kwenye redio ya lile gari ilikufa zamani, la sivyo Idalina angeiona imerudi mwanzo kila asubuhi. Na kumkuta baba yake amesimama karibu na gari alfajiri hakukuwa jambo geni. Mzee hupangusa kioo, huangalia matairi. Nani angeuliza?

Mlango wa jikoni ukafunguka, Idalina akatoka na mkoba wake. Aliponiona akasimama.

"Umekuja kukamata mwizi?"

Mtu mwenye busara angemvuta pembeni. Mimi nikaropoka. "Ni mzee. Anafungua waya wa betri kila jioni. Kila usiku gari inasahau yote uliyoifundisha mchana."

Mzee Gualter alitazama spana, kisha gari, kisha mimi, kama mtu anayesubiri amalizie kusikia habari ambayo imeshakwisha.

"Inasahau?" akauliza.

"Kompyuta yake, mzee. Ukiikata umeme inasahau. Ndiyo maana imekataa kupita mara tatu."

"Basi mimi ndiye niliyekuwa namharibia."

"Baba," Idalina akaanza.

"Mara tatu," akasema mzee. Akaiweka spana juu ya boneti, akarudi ndani kofia ikiwa imemkaa upande, na mlango haukufungwa nyuma yake. Nimewahi kuona watu wakilia kwenye gereji yangu kwa sababu ya gharama, wakinitukana, wakinitupia funguo. Sijawahi kujisikia vibaya kama asubuhi ile.

"Ida, nimekosa. Nilikuita..."

"Utaomba radhi Ijumaa, gari ikipita," akasema. Macho yake yalikuwa mlangoni. "Sasa hivi nina wagonjwa, na ni kasorobo. Ingia ukae na baba. Usiseme kitu cha akili, kaa naye tu."

Nikakaa naye. Tulikunywa kahawa mbili mbili, na akanihadithia habari za fahali mmoja aliyeuzwa mwaka themanini na tatu. Habari za waya hakuzigusa.

Hesabu ilikuwa mbaya. Jumatano, Alhamisi na asubuhi ya Ijumaa: siku mbili na nusu kulifundisha gari ambalo lilitakiwa kupewa siku tatu nne. Sheria inasamehe sehemu moja tu kati ya zile nane. Nilimwambia ukweli kwa simu, kwamba linaweza lisiwahi. Akasema sawa. Kisha akasema mzee hajala.

Alhamisi hakuwa na wagonjwa, akamchukua baba yake garini. Hilo lilikuwa wazo lake, si langu, na amenisimulia mwenyewe. Alimpa karatasi yangu ashike. Mzee akakataa kwanza, akasema asiguse tena kitu chochote cha gari hilo. Idalina akamwambia: "Baba, nikiangalia saa siangalii barabara. Unataka tugongwe na lori?" Basi mzee akatoa saa yake ya mfukoni akahesabu zile dakika mbili. Kufika barabara kuu tayari alikuwa anatoa amri. "Hamsini na tano nimesema! Hiyo ni hamsini na saba! Unakimbilia wapi, harusini?" Kwenye mteremko wa kutokea Santa Nella alimzuia goti kwa mkono asije akakanyaga breki. "Liache litambae. Ng'ombe hasukumwi akishuka." Walikwenda na kurudi mara nne. Jioni, Idalina akaniambia, mzee alifunga lango, akalizunguka gari mara moja mikono ikiwa mifukoni, akaingia ndani kulala.

Ijumaa waliingia kwangu saa nane na nusu mchana, wote wawili. Mzee amevaa shati la kwenda kanisani. Nikamletea kiti, akakaa na kofia magotini kama mtu aliyeitwa mahakamani. Idalina hakukaa.

Nikachomeka mashine. Nimepima maelfu ya magari, lakini hilo nililisoma nikiwa nimeinamia kioo. Sehemu ya kwanza, tayari. Ya pili, tayari. Ya tatu na ya nne. Ya tano ilichelewa kutokea kiooni nikaanza kusali sala ambazo nilidhani nimezisahau. Tayari. Ya sita. Ya saba. Ya nane, ile ya mvuke wa petroli, haijawa tayari, na ndiyo hiyo hiyo moja inayosamehewa. Nikapima moshi wenyewe. Msafi.

"Imepita," nikasema, nikamkabidhi karatasi.

Idalina aliisoma karatasi mara mbili, juu mpaka chini. Hakulia, si mtu wa hivyo. Alishika tu ukingo wa meza yangu kidogo.

"Ida," nikasema, "nilikuita mwongo mbele ya watu wawili. Wale wawili nimeshawapigia simu nimewaambia mwongo alikuwa mimi."

"Uliwaambia hivyo?"

"Waulize."

"Nitawauliza," akasema, na najua aliwauliza.

Tulikuwa tunaagana wakati Mzee Gualter alipokohoa kitini.

"Huo waya," akasema, akiitazama kofia yake. "Ndiyo umekatazwa moja kwa moja?"

Idalina akanitupia jicho. Mimi sisemi uongo juu ya gari hata kwa huruma, na safari hiyo sikuhitaji. Gari likishapata cheti, serikali haina habari nalo mpaka miaka miwili ipite. Kompyuta isahau inavyotaka, Camry litawaka na litakwenda.

"Haujakatazwa, mzee," nikamwambia. "Kuanzia leo jioni fungua. Miaka miwili hakuna atakayekuuliza. Ikikaribia kupimwa tena ndiyo uuache."

"Miaka miwili." Akahesabu kitu kwa vidole, akaacha katikati. "Nitakuwa nimesahau, mtoto wa Laurénio. Nitaufungua tu. Nikiwepo, itakataa tena. Ikipita mara ya kwanza, mjue mimi sipo."

Alisema bila huzuni, kama mtu anayetoa maelekezo ya kulisha kuku akisafiri.

Idalina alikwenda akachuchumaa mbele ya kile kiti, mikono yake myekundu juu ya magoti ya baba yake.

"Basi ikatae," akasema. "Ikatae, baba. Nitakuja hapa hata mara kumi."

Kisha akamwinua, akamfungulia mlango, akamfunga mkanda kwa mkono wake mwenyewe. Ilikuwa saa tisa kasorobo, na bado kulikuwa na muda wa kuchukua karatasi mpya na kuzifikisha Los Banos kabla ya saa kumi na moja.